Siri ya Mswaki wa Ngamiani: alikuwa fundi wa Tekken au sisi ndio tulikuwa hatujui?

#1 MtotoWaMgandini
Wakuu salaam. Huu uzi ni wa waliokulia Tanga mjini, hasa Ngamiani, miaka ya 2001 hadi 2004 hivi. Wengine pia karibuni.

Kulikuwa na kibanda cha gemu Barabara ya 8. Mabati mbele, kanga mlangoni badala ya pazia, ndani PlayStation mbili na joto la kuokea mkate wa kumimina. Tekken 3, lile gemu la kupigana watu wawili, shilingi 50. Anayefungwa anainuka, anayefunga anabaki. Pale kulikuwa na jamaa tukimwita Mswaki, kwa sababu kijiti cha mswaki kilikuwa hakimtoki mdomoni. Sisi tuna miaka 11, yeye kama 20. Anatoa hamsini moja saa kumi alasiri, adhana ya magharibi inamkuta bado kashika pedi. Hamsini ileile.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alikuwa haonyeshi kitu! Kati ya wapiganaji wa ndani ya gemu, sisi tunaye Eddy anayezungusha miguu kama feni, tunaye King na mieleka yake ya kuvunja watu migongo. Yeye anachukua Paul, anarudi nyuma, ngumi moja ya mdomo, teke la ugoko, anarudi nyuma tena. Ile ngumi kubwa ya Paul anaitoa labda mara moja kwa wiki.

Nimekumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nimenunua PS4 ya mtumba pamoja na Tekken 7, nikamtambia mpwa wangu wa miaka 13 kwamba mjomba wako ni wa enzi hizo. Kanifunga 14 bila. Na alivyonifunga ni kulekule kwa Mswaki: hafanyi kitu, halafu nimekufa. Sasa nauliza, yule mtu alikuwa na siri gani?

#2 KachoriYaMoto
14 ni barabara, mkuu, siyo matokeo.

#3 ShemejiWaRaskazone
Kwanza turekebishe: kibanda kilikuwa Barabara ya 9, ubavuni kwa muuza mihogo. Mswaki namkumbuka vizuri sana, kanila hamsini zangu za chuoni nyingi tu.

Siri yake ni pedi. Pedi moja pale kitufe cha pembetatu kilikuwa kimekufa, unabonyeza mpaka kidole kinaota sugu. Mshindi anabaki na pedi yake, si ndiyo? Basi ukishakamata ile nzima umeshakuwa sultani, kila anayekuja anakaa kwenye mbovu. Hakuna ufundi hapo.

#4 Pweza_Mkavu
@ShemejiWaRaskazone hesabu yako inakusuta mwenyewe. Mswaki akija saa kumi anamkuta nani? Anamkuta mshindi, na mshindi ndiye mwenye pedi nzima. Kwa hiyo anaingia na mbovu, anashinda na mbovu, na kwa sheria yako anabaki na mbovu mpaka magharibi.

Na zaidi: kwenye Tekken kila kitufe ni kiungo. Mraba mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, ekisi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ile ngumi kubwa ya Paul unazungusha kutoka chini kwenda mbele, unamalizia na pembetatu. Kama pembetatu imekufa, ngumi kubwa hana. Ndiyo maana mleta mada anasema aliitoa mara moja kwa wiki. Jamaa alikuwa anawafunga kwa mkono mmoja na mnamlalamikia pedi.

#5 ShemejiWaRaskazone
Alikuwa anahama kiti akishashinda. Nimeona kwa macho yangu.

#6 Pweza_Mkavu
Macho hayohayo yaliyoona Barabara ya 9?

#7 FundiWaChuda
Nyie mnabishana pedi, jibu liko mkononi mwa mleta mada mwenyewe. "Anarudi nyuma." Kwenye Tekken kurudi nyuma ndiyo kujikinga. Ukishika nyuma umesimama unazuia mapigo ya juu na ya kati. Ukishika nyuma na chini, yaani umechuchumaa, unazuia ya chini, ya juu yanapita hewani juu ya kichwa, lakini la kati linakubomoa. Mchezo mzima ni huo: mimi nakulazimisha ubahatishe nitapiga usawa gani, wewe nawe hivyo hivyo.

Sasa sisi wa vibandani tulijifunza kupiga tu. Tunatwanga vitufe kama kisamvu. Pigo kubwa likizuiwa mpigaji anabaki wazi kidogo, mkono uko hewani na kitufe hakimsikii. Kwenye Tekken 7 ngumi ya haraka inatoka ndani ya fremu 10, yaani picha moja moja za skrini, na sekunde moja ina fremu 60, kwa hiyo ni sehemu ya sita ya sekunde. Anayejua anazuia, anaingiza kangumi kake kamoja, anarudi nyuma. Kwa mtazamaji haonekani kufanya kitu. Ukitazama vizuri, wewe ndiye uliyempa nafasi.

Mpwa wako hana maajabu, mkuu. Ana subira tu, na subira wewe huna.

#8 KachoriYaMoto
Uzi wa Tanga, michango saba imeshapita, na hakuna aliyeuliza kile kijiti kilikuwa cha mti gani 😂

#9 Ami_Sahare
Nilikuwa naogopa kusema mimi. Mtu anatafuna kijiti saa tatu mfululizo, hatemi, halafu hafungwi. Na tuko Tanga!

#10 FundiWaChuda
Mkishindwa gemu hirizi, mkishindwa mpira hirizi. Fremu 10, jamani.

#11 BintiMakorora
Kaka zangu, salaam. Mie nilikuwa mlangoni pa hicho kibanda (Barabara ya 8, mleta mada yuko sahihi) nauza visheti vya mama. Ndani siingii, mtoto wa kike kuonekana kibandani habari ingefika nyumbani kabla yangu. Ila kanga ilikuwa fupi na TV naiona.

Kitu ambacho nyie wachezaji hamkukiona kwa sababu mlikuwa mnatazama skrini: Mswaki alikuwa hachezi akifika. Ananunua visheti vya mia, anasimama nyuma ya benchi karibu saa nzima kabla hajatoa hela yake. Anawatazama watu. Wala siyo TV, anatazama watu na mikono yao. Palikuwa na mvulana mmoja mwembamba, akipigwa mara mbili mfululizo lazima aruke. Lazima! Nilikuwa nahesabu mlangoni: moja, mbili, huyoo. Mswaki naye alikuwa anahesabu. Akimpiga mara mbili anasubiri chini, mtoto anaruka, anashuka juu ya ngumi.

Niliolewa, nikapata watoto wa kiume, nikanunua hiyo PlayStation kwa kisingizio chao. Namchezesha Xiaoyu. Wanangu wote wawili nawafunga, na sijui hata kombo moja ndefu, yale mapigo ya kuunganisha. Najua tu mkubwa akikasirika anapiga chini.

#12 MtotoWaMgandini
Dada, huyo mwembamba wa kuruka ni mimi.

#13 KachoriYaMoto
Nimeanguka kitandani. Miaka zaidi ya ishirini, na muuza visheti alikuwa anamsoma kama gazeti.

#14 Baiskeli_Tatu
Shukrani kwa uzi. Nakumbuka mimi na Eddy wangu, tangu Tekken 2 ya mwaka 95, mpaka leo nikisikia ule muziki nasikia harufu ya mafuta ya taa. Mswaki alikuwa mtaalamu wa kumbana mtu ukutani, ukishafika kona hutoki.

#15 Pweza_Mkavu
@Baiskeli_Tatu makosa mawili kwenye sentensi mbili.

Eddy hayumo Tekken 2. Kaanza Tekken 3, ndiyo hiyo ya Jin, Hwoarang na Xiaoyu pia. Tekken 3 kwenye mashine za kumbi ilitoka 1997, PlayStation ikaipata 1998. Ya kwanza kabisa ndiyo ya 1994.

Pili, Tekken 3 haina ukuta. Uwanja hauna mwisho, unaweza kurudi nyuma mpaka Pangani. Kuta zimekuja na Tekken 4. Na hili nadhani ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyosemwa humu: mchezo wa Mswaki ulikuwa unategemea uwanja usio na ukuta. Mleteni leo kwenye Tekken 7, arudi nyuma hatua sita, agonge ukuta, mpwa wa jamaa amle mzima.

#16 Baiskeli_Tatu
Sawa mwalimu. Kona nadhani nimechanganya na Street Fighter.

#17 MzeeWaKibanda
Vijana, hamjambo. Mimi nilikuwa na kibanda, si hicho mnachokisema, changu kilikuwa upande wa Chuda. Niwape upande wa mwenye mali.

Mashine ya gemu ni biashara ya dakika. Raundi tano za Tekken kwa hamsini, nitalipaje umeme? Kwa hiyo tulikuwa tunaingia kwenye mipangilio, tunaweka raundi moja, muda tunaupunguza. Nyie mlikuwa hamuoni, mlifika mkakuta hivyo, mkadhani Tekken ndivyo ilivyo. Muda ukiisha mwenye damu nyingi kashinda. Sasa fikirieni: raundi moja, muda mfupi, uwanja hauna ukuta. Mwenye akili anagusa mara moja, halafu anarudi nyuma mpaka saa ikate. Huyo Mswaki wenu alijua sheria za kibanda, gemu lenyewe ni jambo jingine. Ningeweka raundi tatu na muda usiokwisha mngemfunga.

La pili mtanisamehe. Mtu asiyefungwa kwa mwenye kibanda si hasara. Yeye halipi, lakini kila anayekuja kumvaa analipa, na foleni inafika barabarani. Mimi nilikuwa na wangu mmoja nikimnywesha soda ili aje kila Jumamosi. Simsingizii wenu.

#18 ShemejiWaRaskazone
Mzee unatuambia leo kwamba alikuwa CHAMBO??

#19 MzeeWaKibanda
Nimesema wangu. Wa kwenu sijui.

#20 Ami_Sahare
Visheti vya mia kila siku alitoa wapi kijana asiye na kazi? Naanza kuelewa.

#21 BintiMakorora
Visheti wakati mwingine alikopa. Deni lake lipo mpaka leo, kama chambo basi alikuwa halipwi vizuri.

#22 NyayaZaZamani
Mmesahau rangi. Kibanda chetu cha Mabawa Tekken ilikuwa nyeusi na nyeupe, tukidhani ndivyo ilivyotengenezwa, mpaka nilipoiona ya rangi kwa binamu yangu nikamwambia yake ni feki.

Sababu nimeijua ukubwani. TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL wa hezi 50, na CD za kuchoma nyingi zilikuwa za Marekani au Japani, mfumo wa NTSC wa hezi 60. Mashine ikishatiwa chipu inasoma CD yoyote, ila TV isiyojua NTSC inaonyesha picha bila rangi. Na michezo mingi ya toleo la Ulaya ilikuwa inakwenda polepole, karibu moja ya sita pungufu. Kwa hiyo kibanda kimoja CD ya Ulaya, kingine ya Marekani, gemu lilelile mwendo tofauti. Mtoto wa Ngamiani akija Mabawa alikuwa anachapwa wiki nzima kabla vidole havijazoea, halafu anasema sisi wachawi.

Nauliza tu: Mswaki alicheza kibanda kingine chochote? Au alikuwa bingwa wa CD moja?

#23 FundiWaChuda
Hoja nzuri hii. Nyongeza kwa mleta mada: TV bapa za sasa zinachelewesha picha, zile za mgongo zilikuwa hazina tatizo hilo. Nenda kwenye mipangilio ya TV uwashe hali ya gemu. Huenda kati ya zile 14, mbili tatu ni za TV.

#24 KachoriYaMoto
Kumi na mbili bila. Heshima imerudi.

#25 NyayaZaZamani
Na mashine zilizokuwa zinageuzwa kichwa chini ndiyo CD isome! Kitoroli cha plastiki kinachobeba lenzi kilikuwa kinalika kwa joto, ukiipindua lenzi inakaa sawa. Mwenye kibanda chetu aliwahi kuisimamisha kwa matofali mawili, kila mtu anapita kwa kunyata.

#26 KomandooWaDonge
Mie ni wa Mortal Kombat, ya kaseti. Nilipohamia Tekken nilipata tabu mwezi mzima natafuta kitufe cha kujikinga. Mortal Kombat tangu ya kwanza ya 1992 kinga ina kitufe chake. Nilikuwa nabonyeza vitufe vyote vinne nipate kinga, napata mateke. Nadhani nusu ya watoto wa Tanga hawakujua kwamba Tekken ina kinga, kwa sababu haina kitufe na hakuna kitabu cha maelekezo kwenye CD ya kuchoma. Mtu mmoja akijua peke yake, huyo lazima aonekane mchawi.

#27 Pweza_Mkavu
Hii ndiyo naikubali kuliko zote mpaka sasa. Na hata hizo kombo mnazozisifu zilianza kwa bahati. Street Fighter II, 1991, mtu wa Capcom, kampuni iliyolitengeneza, aitwaye Noritaka Funamizu anakagua hitilafu kwenye ile hatua ya kuvunja gari, akaona pigo la pili linaingia kabla la kwanza halijamalizika. Walidhani ni vigumu mno kwa mchezaji wa kawaida kulitumia, wakaliacha humo. Sisi tukaja kujenga maisha juu yake.

Kinga nayo ni sanaa. Tafuteni video ya wachezaji Daigo na Justin Wong, mashindano ya Evo 2004, Street Fighter III. Daigo kabakiwa na damu ya kupigwa pumzi tu akafa. Chun-Li wa Justin anamwagia mateke mfululizo, na yeye badala ya kurudi nyuma anasukuma mbele, teke kwa teke, yote yanapanguka, halafu anamaliza mchezo. Ukumbi unalia kama uwanja wa Mkwakwani siku ya watani.

#28 Ami_Sahare
Mkwakwani ya siku hizi au ya Coastal Union bingwa 1988?

#29 ShemejiWaRaskazone
Ya 1988, tafadhali. Na tusiingie huko, uzi utakufa.

#30 KomandooWaDonge
Kuna na Arslan Ash wa Lahore. Mpakistani, hakuna aliyekuwa anamfahamu, 2019 kachukua Evo Japan halafu Evo ya Las Vegas mwaka huohuo, Tekken 7. Akawaambia watu kwamba kwao wapo wengi wa kiwango chake. Bingwa wa Korea anayeitwa Knee akafunga safari mpaka Pakistan kuhakikisha, akafungwa na watu wa huko. Wale ni wa vibandani kama sisi! Kwa hiyo msidharau, huenda Mswaki alikuwa Arslan wetu, kilichokosekana ni nauli.

#31 FundiWaChuda
Taratibu. Lahore walikuwa wanafungana wenyewe kwa wenyewe kila siku, mkali kwa mkali. Mswaki alikuwa anawafunga watoto wa darasa la nne. Kaka wa miaka 20!

#32 KachoriYaMoto
Hatimaye mtu kasema.

#33 MtotoWaMgandini
Wakuu, nimerudi na taarifa. Nimefuata darasa la FundiWaChuda wiki nzima. Nimechukua Paul. Sipigi ngumi kubwa, siruki (shukrani BintiMakorora, nimekalia mikono). Narudi nyuma, nazuia, kangumi kamoja, narudi nyuma.

Siku ya kwanza 9 bila. Siku ya tatu nimeshinda mara moja, mpwa akasema "mjomba, cheza basi!" Jana tumecheza 12, kanifunga saba, na hiyo ya mwisho aliweka pedi chini akaenda kunishtaki kwa bibi yake kwamba mjomba hachezi, anakimbia tu. Ukuta ni kweli unanisumbua, Pweza hakukosea. Ila kitu kingine nimegundua: ukiacha kupiga ndiyo unaanza kumuona mwenzako. Dogo akibakiwa na damu kidogo lazima atoe teke lilelile la kuzunguka. Nilikuwa naliona siku zote, sikuwa na nafasi ya kulitazama.

#34 Baiskeli_Tatu
Wakuu, mimi niliyekosea yote nina jambo. Juzi nilikuwa Kange stendi, kuna fundi baiskeli pale, mtu mzima, ana kijiti mdomoni. Nikajikaza nikamuuliza: mzee, uliwahi kucheza gemu Ngamiani? Akacheka. Nikamwambia kuna watu wanabishana siri yako wiki ya pili sasa. Akaendelea kukaza spoku, halafu akasema: "Mie nilikuwa na hamsini moja tu. Nikifungwa natoka, naenda wapi?"

#35 MtotoWaMgandini
Allah! Una uhakika ni yeye?

#36 ShemejiWaRaskazone
Siyo yeye. Mswaki alihamia Mombasa kwa dada yake 2005, na alikuwa na kovu kwenye nyusi. Huyo wa Kange namjua, katoka Muheza, kijiti anatafuna kwa sababu ameacha sigara.

#37 Pweza_Mkavu
Ndugu wa Barabara ya 9 ametoa ushahidi.

#38 BintiMakorora
Kovu alikuwa nalo kweli. Ila Baiskeli_Tatu, akiwa ndiye, mwambie visheti ni elfu moja na mia mbili, kwa bei ya zamani.

#39 MzeeWaKibanda
Mashine moja ya zamani ninayo, inawaka. TV ya mgongo ipo. Jumamosi baada ya alasiri karibuni nyumbani, na huyo fundi mleteni. Raundi moja, muda mfupi.

#40 NyayaZaZamani
CD ya Ulaya au ya Marekani?

#41 ShemejiWaRaskazone
Hilo baadaye. Mzee, pedi ya pili pembetatu inafanya kazi?

#42 MzeeWaKibanda
Wahini mapema.